Mlevi wa Kwenye Kitambaa

Kuna watu wamewatukana wakwe zao kwa hasira, wengine kwa pombe, mimi wa kwangu nilimtukana kwa kupenda sinema, tena mbele ya kijiji kizima, tena nikimnyooshea kidole, na naomba msianze kucheka sasa hivi kwa sababu penyewe pa kuchekea bado.

Kwanza mjue kwamba mimi sikuwa mgeni wa sinema. Nimezaliwa Iringa mjini, mjomba wangu alikuwa anakata tiketi mlangoni kwa Mhindi mmoja mwenye sinema, kwa hiyo tangu niko mdogo nilikuwa naingia bure na kukaa benchi la mbele kabisa, shingo nimeipinda kama kuku anayetazama mwewe, na nikitoka pale nina maoni. Picha za kauboi nilizisifu kwa farasi, ila nikawa nalalamika kwamba wale watu hawali, hawalimi, na kofia haianguki hata mtu apigwe ngumi ya namna gani. Za Kihindi nilizipenda kwa nyimbo na kwa kulia (nilikuwa nabeba leso mbili, moja yangu na moja ya kumwazima jirani), lakini jamani, mtu kachomwa kisu na bado anaimba mpaka ubeti wa mwisho? Wasichana wenzangu walikuwa hawaendi kutazama picha mpaka waniulize, nami nawajibu kama hakimu: hii nendeni, hii kaeni nyumbani mpike.

Akaja Ambokile, fundi wa magari, Mnyakyusa, akanioa palepale Iringa. Baba yake hakuja harusini kwa sababu ya umbali, alituma mshenga na ng'ombe. Baada ya harusi Ambokile akahamishiwa Mbeya, nami nikamfuata kwa basi, barabara yote ile ya vumbi kupita Nyololo na Igawa, nimefika nimekuwa mwekundu mpaka kope.

Sasa, Wanyakyusa siku zile walikuwa na heshima yao moja kubwa: mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Sisemi asimkodolee macho, nasema asimwone kabisa, wala jina lake asilitaje (mpaka leo silitaji, msinisumbue). Ukisikia anakuja unaingia migombani, au unajifunika kanga kichwani na kuchutama kando ya njia mpaka apite. Misheni walikuwa wanasema mambo hayo yamepitwa, lakini baba mkwe wangu, ingawa alikuwa mzee wa kanisa na hajawahi kuonja pombe, katika hilo hakuwasikiliza.

Mama mkwe alipokuja Mbeya kunitazama, hakupenda alichokiona. Aliniona nacheka kwa sauti, nina maoni, na mikono yangu laini. Akamwambia Ambokile, "Huyu Mhehe wako nampeleka nyumbani. Wakati wa mavuno nitamwangalia. Akiwa na adabu atarudi na wewe huku Mbeya, akiwa hana atabaki mpaka aipate." Ambokile akaitikia, na mimi nikaitikia, kwa sababu ungesema nini. Lakini moyoni nililia. Nilimpenda mume wangu, tulikuwa bado wapya, na Mbeya (nisiwafiche) kulikuwa na gari la sinema la serikali linalokuja uwanja wa mpira.

Tena wiki ileile ya kuondoka lilikuwa limekuja. Ambokile alikuwa zamu karakana, mimi nikaenda na majirani. Ilikuwa picha ya kilimo, zile zisizo na sauti, mtangazaji anasimama na kipaza sauti anaeleza. Kwa kawaida picha za kilimo nilikuwa nazidharau, mtu kufunga safari akatazame mbolea! Lakini hii ilikuwa na majirani wawili, mmoja anatengeneza matuta na kupalilia kahawa yake, mwingine mlevi, na yule mlevi, jamani, aliiba picha yote. Anapanda baiskeli upande huu anaangukia upande wa pili, anaamka anaiomba baiskeli msamaha. Anakutana na ng'ombe njiani anamvulia kofia. Mvua inasomba shamba lake yeye amekaa kizingitini anaipungia mkono. Nilicheka mpaka nikamlalia mwenzangu begani, na nikatoa hukumu yangu papo hapo: yule haigizi, ulevi wa namna ile hauigizwi, serikali imeokota mlevi wa kweli ikampiga picha.

Basi nikaenda ukweni, milimani huko Rungwe. Niliamka kabla ya jogoo, nikachota maji, nikavuna, mikono ikatoka malengelenge. Baba mkwe nilimjua kwa sauti tu, nikimsikia jioni nyuma ya ukuta wa mianzi akisali sala ndefu, akiwaombea Mfalme, mvua na walevi wote. Nilimwogopa sana. Walikuwepo wake wawili wa kaka zake Ambokile, Mama Gwakisa na Mama Lugano, wote wameolewa kutoka mbali kama mimi, mmoja Kyela, mwingine Mbozi, na waliisifu sana heshima yao wenyewe, kwamba tangu waolewe hawajaiona hata kofia ya mzee. Nilijua pia kuwa mwaka uliopita mzee alikwenda mafunzo ya kilimo, na akarudi akisema serikali imempiga picha awe funzo kwa wakulima. Alisema hivyo tu, hakuongeza. Nami nikadhani ni ile picha ya kutundikwa ukutani ofisini, mtu amesimama wima kashika jembe.

Siku za mwisho mwisho Ambokile akaja kunichukua. Mama mkwe alikuwa ameanza kunitazama kwa jicho la huruma, kanga zangu zimeshafungwa. Na jioni ileile, kwa bahati niliyoiona njema, gari la sinema likaingia kijijini.

Niulizeni kama nilinyamaza. Nilikuwa nimefunga mdomo tangu mavuno yaanze, na sasa kitu pekee ninachokijua duniani kimenifuata mpaka mlangoni. Nikawaambia wanawake wote, "Mimi sinema ya gari hilo nimeshaiona Mbeya, twendeni, nitawaeleza."

Kitambaa cheupe kilifungwa kwenye nguzo mbili uwanjani pa kanisa, kamba zimevutwa zikafungwa kwenye vigingi. Wanaume na wazee walikaa mbele, wakubwa kwenye viti. Sisi wakwe, ili tusije tukaonana na wazee, tulipelekwa nyuma ya kitambaa, maana picha huonekana pande zote mbili, ila kule nyuma kila mtu anakuwa mtu wa mkono wa kushoto. Wanaume walikuwa mbele, sisi nyuma, kitambaa katikati. Huo ulikuwa mpango wa heshima kabisa.

Giza likaingia, jenereta ikanguruma, picha ikaanza. Ni ileile! Nikasimama. Nikawaambia wenzangu, "Huyu wa kwanza msimjali, ana matuta tu. Subirini anakuja mlevi mmoja, mtavunjika mbavu." Na mlevi akatokea, mkubwa kuliko nyumba, uso umejaa kitambaa kizima.

Mama Gwakisa akapiga ukelele, akajitupia kanga kichwani, akakimbia. Mama Lugano akafuata, kaangusha kikapu. Wakwe wengine wa ukoo nao wakaangalia chini, wakaanza kutambaa kuelekea migombani.

Na mimi, mtoto wa mjini, nikajua sababu. Nilishasikia habari za watu wa mashamba wanaokimbia sinema wakidhani gari moshi litawakanyaga. Nikawacheka. Nikapaza sauti: "Msikimbie nyie! Ni picha tu hii, hatoki hapo! Huyu ni mlevi tu, tena mlevi wa kweli, haigizi, yatazameni macho yale, yale yameanza kunywa zamani!" Mtangazaji kule mbele alikuwa amenyamaza, nafikiri alikuwa anakunywa maji, kwa hiyo nilisikika uwanja mzima. Nikasikia huko mbele watu wamekaa kimya kabisa, nikaona kumbe wananisikiliza, nikazidi. Ili wale waoga warudi, nikaanza kuwaigizia: nikapepesuka kama yeye, nikamvulia kofia ng'ombe, nikapanda baiskeli upande huu niangukie upande wa pili.

Nikaangukia kwenye kamba.

Kigingi kikang'oka, nguzo ikalala, kitambaa kikashuka taratibu kama shuka la kitanda, na mimi nikabaki nimesimama kwenye mwanga wa sinema, mlevi anacheza juu ya gauni langu, mbele yangu kijiji kizima. Na kwenye kiti cha mbele, katikati, amevaa koti jeusi na tai, mikono imeshika fimbo, amekaa mlevi mwenyewe.

Hapa mtu mwenye akili angejiuliza swali. Mimi nikafurahi. Nikamnyooshea kidole na kusema, kwa furaha ya kweli, "Jamani, kumbe wamemleta na mwenyewe!"

Nilichokumbuka baadaye ni kanga ya mama mkwe ikitua kichwani mwangu kutoka nyuma, na sauti yake sikioni, ya chini, imechoka: "Gwe mwana, wewe mtoto. Huyo ndiye baba yake Ambokile."

Niliomba ardhi inimeze, nikaona ardhi nayo haina haraka.

Asubuhi kikao. Msimamizi alikuwa shangazi yake Ambokile, dada wa mzee, mwanamke mwembamba anayevuta kiko na kuongea kidogo. Mimi nimekaa chini, Ambokile karibu na mlango, wake wa kaka zake upande wa pili, mzee mwenyewe nyuma ya ukuta wa mianzi, anasikiliza. Nilikuwa nimeshafungua kanga zangu kutoka kwenye furushi bila kuambiwa.

Mama Gwakisa akasema kwanza. "Sisi tulikimbia, Shangazi. Huyu alisimama akamtazama. Hana adabu. Amemtazama hata alipokuwa mkubwa vile."

Shangazi akanigeukia. "Ulimtazama?"

"Nilimtazama," nikasema. "Lakini sikumjua, Shangazi. Sijawahi kumwona uso. Nitamjuaje?"

Shangazi akavuta kiko chake. Akawageukia wale wawili. "Nyie mlimjuaje?"

Mama Gwakisa akamtazama Mama Lugano. Nje kuku wakawa wanaparua.

Mama Lugano akajaribu. "Tulimjua kwa mwendo."

"Mwendo mliuona wapi?"

Nawaambia, sijawahi kuona picha yenye mwisho mzuri kama ule. Wale wawili wakatazama mikeka yao. Mama mkwe akanitazama mimi, nikaona uso wake unabadilika polepole, kwanza mshangao, halafu kitu kama fahari. Katika nyumba ile yenye wakwe watatu, alikuwa mmoja tu ambaye kweli hajawahi kumwona mzee, na ndiye aliyemwita mlevi. Moyo wangu ukaanza safari ya Mbeya. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwetu, nawasha jiko.

"Basi huyu ana adabu kuliko wote," akasema mama mkwe.

"Anayo," akasema Shangazi.

"Adabu ya namna hii," mama mkwe akaendelea, "sitaipeleka mjini ikaharibike. Atabaki hapa, wenzake wajifunze kwake."

Nikamtazama Ambokile. Ambokile akatazama viatu vyake, na kesho yake viatu hivyo vikapanda basi bila mimi. Niliumia, sitaki kudanganya. Nilibaki nalima mahindi, mfano wa heshima, huku wale wawili wananinyima chumvi.

Sasa mngedhani imeisha. Jioni moja mama mkwe akaja jikoni, akasema, "Mzee anauliza, ile picha huko Mbeya uliionaje."

Nilikuwa nimeapa usiku uleule wa kitambaa kwamba maoni yangu ya sinema nayazika. Kwa kweli maoni nilikuwa nayo, tena yalikuwa yamekua: kwamba mzee ambaye hajaonja pombe akiweza kulewa vile, basi nilichokiona hakuna kauboi anayekiweza, na kwamba Mbeya walicheka mpaka mtangazaji akashindwa kusema. Lakini nikainamisha kichwa. Nikajibu, "Mwambieni ilikuwa nzuri."

Akaenda, akarudi. "Anasema hakuuliza picha. Anauliza yule mtu."

"Naye alikuwa mzuri," nikasema, nikaendelea kumenya ndizi.

Nikasikia nyuma ya ukuta kiti kikisogezwa, mtu akaondoka, na kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena. Nilikuja kurudi Mbeya baada ya kujifungua mtoto wa kwanza, na ni Shangazi aliyenisindikiza basini, akaniambia huku anajaza tumbaku kwenye kiko chake, "Kaka yangu alitaka kukurudisha mjini mapema, gwe. Alisema yule mtoto ana jicho, aende akatazame kama wanaionyesha tena, awe anamletea habari watu wanasemaje. Lakini alipokuuliza akaona huna la kusema. Akasema basi, kumbe siku ile ulikuwa unapiga kelele tu."

Ndiyo maana nyie mkiniuliza picha ilikuwaje nawaambia yote niliyonayo mpaka mnachoka. Ila kwanza naangalia nani kakaa viti vya mbele.