Siku Tulipopanga Mstari Kuchagua Kadi ya Diski

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote kutoka likizo ile ya Agosti ni ya kitu kilichoungua ndani ya mashine. Ilikuwa kali na chungu, nayo ilikaa kooni hata baada ya madirisha yote ya ofisi kufunguliwa na baridi ya Eldoret kuingia. Kabla ya harufu ulikuja mlio. Mama alibonyeza swichi nyekundu ubavuni mwa kompyuta kama alivyofanya kila asubuhi, na ndani yake kikapasuka kitu, pa! Mimi niliyekuwa nimeketi kando yake nikiwa na karatasi mapajani niliruka hadi mlangoni. Moshi mwembamba ulitoka kwenye matundu ya nyuma, skrini ikaandika tarakimu nne, 1701, kisha basi. Mama hakuruka. Alibaki pale pale, mkono ungali kwenye swichi, uso umemsawajika, akiitazama ile namba.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi Yamumbi, na Mama alikuwa karani wa ushirika wa wafugaji uliokuwa na ofisi ya vyumba viwili mjini, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Kazi kubwa ya ushirika ilikuwa kuwapandisha ng'ombe wa wanachama kwa mbegu za madume bora. Ili dume asije akarudishiwa binti yake mwenyewe, ilibidi kila ng'ombe aandikwe: jina lake, mama yake, nyanya yake, na dume aliyemzaa kila mmoja wao. Wahudumu walileta habari hizo kutoka mashambani kwenye vikaratasi vilivyonuka samadi. Wakati wa likizo nilivisoma kwa sauti, Mama akapiga chapa, na tulipomaliza vikaratasi vilikwenda kuwashia jiko la chai. Mara mbili Mama aliomba kununuliwa disketi za kuwekea nakala. Kamati ya ushirika ilimjibu kwamba mashine tayari ina diski yake ndani, ya pili ni ya nini? Kwa hiyo kazi yake ya miaka miwili, ukoo mzima wa ng'ombe wa watu, ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kisanduku kile cha chuma.

Watu wengi walikuja kuulizia ng'ombe wao, lakini hakuna aliyefurahia mashine ile kama bibi mmoja wa Moiben tuliyemwita Kogo, ambalo ndilo neno la kwao la bibi. Alikuwa na ng'ombe mmoja na mtamba wake aitwaye Maua, na ndio waliokuwa mali yake yote. Kila alipokuja mjini alipanda ngazi zetu polepole, akaketi, akaniambia, "Soma yeye." Nami nilimsomea kutoka kwenye skrini: Maua binti wa Neema, Neema binti wa Sukari, pamoja na namba za madume wao. Alisikiliza huku amefumba macho, kama mtu anayesomewa barua ya mwanawe. Mwezi ule Maua alikuwa karibu kupandishwa kwa mara ya kwanza.

Aliyeitwa kutazama mashine alikuwa Fundi Kimeli, mtu mrefu mkimya aliyetengeneza redio na taipureta karibu na soko, na ambaye alikuwa amejifunza kompyuta katika kiwanda kimoja. Alifungua kifuniko, akainamisha sikio, akamwambia Mama awashe. "Sikiza," alisema. "Diski ni mzima. Inazunguka vizuri. Mgonjwa ni hii." Akachomoa kadi ya kijani yenye urefu wa rula, iliyounganishwa na diski kwa nyaya bapa mbili. Mafundi waliiita kontrola, kwa kuwa ndiyo inayoiambia diski iandike wapi na isome wapi. Hata hivyo hakuwa na haraka ya kuihukumu. Aliazima kifutio changu cha shule akasugua meno yake ya shaba mpaka yakang'aa, akaihamisha kwenye nafasi nyingine, akabadilisha nyaya. Kila mara ilikuwa 1701, namba ya hitilafu. Mwishowe alituonyesha kitu kidogo cha ukubwa wa harage kilichopasuka na kuwa cheusi.

Kisha akatueleza jambo ambalo sijalisahau. Kila aina ya kontrola, alisema, ina mwandiko wake. Kilichoandikwa na moja, nyingine haiwezi kukisoma, hata diski ikiwa ile ile. Ukiweka kadi ya aina nyingine, itakuomba ufute yote kwanza ili ianze kuandika kwa mkono wake. Kwa bahati aliijua shule iliyokuwa na kompyuta iliyokufa stoo, na ndani yake kadi ndugu ya hii yetu. Angeenda kuiomba. Mama alicheka kwa mara ya kwanza katika siku tatu, akamtilia chai kikombe cha pili.

Kumbe mwenyekiti alikuwa na mipango yake. Mwenyekiti wetu alikuwa pia kiongozi wa tawi la chama tawala, na katika miaka ile ya chama kimoja mtu wa namna hiyo akikohoa, kikao chote kilisafisha koo. Alikuja na muuzaji kutoka Nairobi, kijana wa tai pana, akiwa na kadi mpya ndani ya mfuko unaometameta. Kadi hii, alisema muuzaji, ingeifanya diski yetu ya megabaiti ishirini ibebe thelathini. Bila kununua diski nyingine! Mama alimuuliza kwa upole kuhusu rekodi za ng'ombe. "Mama, data iko kwa diski, haiko kwa kadi," akajibu akitabasamu. "Mtaipata tu vile mliiacha." Lilikuwa neno lenye akili kiasi kwamba hata mimi nilikaribia kulisadiki. Fundi Kimeli alikataa waziwazi. Mwenyekiti alitazama picha ya Rais ukutani, akatutazama sisi, akasema kesho kamati itaamua kidemokrasia.

Jioni ile jikoni kwetu Mama alimenya viazi kwa nguvu hata maganda yakaruka. "Kesho nitawaambia," alisema. "Hiyo mashine mimi ndiye naijua, si wao." Nilijivunia mama yangu. Nililala nikirudia maneno atakayoyasema, nikimchagulia na mengine makali zaidi.

Nchi nzima wakati huo ilikuwa imetoka kupiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea au mtu aliyeshika picha yake, mtindo ambao watu waliuita mlolongo. Kamati yetu haikujua tena njia nyingine ya kuamua jambo. Asubuhi, katika uwanja wa nyuma, manyunyu yakianguka, muuzaji alisimama upande mmoja akiwa ameinua kadi yake mpya, na Fundi Kimeli upande wa pili akiwa na ile kuukuu ya shule, yenye vumbi, ameikinga mvua kwa kofia. Nilitaka kucheka. Watu wazima walikuwa wanapanga mstari kuchagua kontrola! Mwenyekiti alitangulia, akasimama nyuma ya muuzaji. Wajumbe wote wakamfuata, wengine wakikimbia kidogo wasije wakaonekana wamesitasita. Nyuma ya fundi hapakuwa na mtu. Kisha Kogo, aliyekuja kwa ajili ya Maua wake na ambaye hakuwa mjumbe wa kitu chochote, alijitanda shali vizuri, akavuka uwanja, akasimama nyuma yake.

"Na karani apange," mwenyekiti alisema. "Si ndiye anaitumia?"

Mama alishuka ngazi. Nilikuwa kwenye varanda, na nilijua kabisa anakokwenda, hata nikaanza kutabasamu. Alifika katikati ya uwanja. Akageuka, akaenda kusimama mkiani mwa ule mstari mrefu, nyuma ya mjumbe wa mwisho, mikono imeshikana mbele. Nilishtuka mpaka masikio yakaziba. Nilifikiri amekosea, kwamba atagutuka na kuvuka. Hakuvuka. Mwenyekiti alipotangaza mshindi, na wote wakapiga makofi, Mama naye alipiga.

Muuzaji alifunga kadi yake kwa nusu saa, na mashine ikawaka bila 1701. Badala yake lilitokea swali: je, inaruhusiwa kufuta diski na kuifomati upya? Ndiyo au hapana. Nilimtazama yule kijana, nikaona kwamba hakushangaa hata kidogo. Alijua tangu mwanzo. "Bonyeza ndiyo, Mama," alisema. Fundi Kimeli alikuwa amekwisha kuondoka na kadi yake. Mama angeweza kusema neno hata hapo, ukoo wote ulikuwa bado haujafutwa. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe kwa muda, kisha kikashuka. Taa ndogo nyekundu ilianza kumweta na diski ikawa inagonga, tik, tik, tik, kwa muda mrefu, na nilijua kila mlio mmoja ni ng'ombe wa mtu. Niliwachukia wote chumbani, na yeye nilimchukia zaidi.

Kogo alipanda ngazi, akaketi mahali pake. "Soma yeye," akaniambia. Skrini ilikuwa tupu. Nilisoma kutoka kichwani: Maua binti wa Neema, Neema binti wa Sukari. Dume wa Neema nilimkumbuka. Dume wa Maua mwenyewe nilibahatisha tarakimu, nikasita, nikaanza kulia. Alinipapasa kichwani, akaenda zake. Maua alipandishwa kwa kukisia, na ndama akazaliwa na miguu iliyopinda, asiweze kusimama. Hakuna aliyeweza kusema ilikuwa kwa sababu hiyo, wala aliyeweza kusema sivyo. Zile megabaiti thelathini nazo hazikudumu. Diski haikuundwa kwa mzigo ule, na kabla ya Krismasi ilianza kupoteza mambo yenyewe, leo herufi, kesho faili zima.

Leo kazi yangu ni mashine za zamani. Watu huniletea kompyuta za baba zao waliofariki, na kabla sijagusa chochote huwauliza ni kadi gani iliyoandika diski hiyo, kisha naitafuta ya aina ile ile hata kama ni kwa miezi. Vijana ninaowafundisha nimewasimulia kisa hiki mara nyingi, na siku zote nilimtetea Mama. Ilikuwa miaka ya hofu, niliwaambia. Alikuwa na watoto wanne, mgeni wa kabila lingine katika ofisi ya wenyeji, na neno moja lingemfukuzisha kazi. Alipanga mstari kwa ajili yetu. Nilikuwa nimekwisha kumsamehe kwa hadithi hiyo niliyoitunga mwenyewe.

Mwaka huu, tukipukuchua mahindi kwake Yamumbi, nilithubutu kumuuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Alitupa gunzi tupu kando. "Hapana, Ciru. Hakuna mtu alinitisha. Mwenyekiti hata hakuwa ananiangalia. Niliona watu wote wameenda huko, nikajikuta nimeenda."

Nilishtuka kuliko siku ile. Nilitaka kumwambia kwamba sasa mambo ni tofauti, kwamba siku hizi kura ni ya siri na watu humsema mkubwa yeyote redioni mchana kweupe. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Ndipo nikakumbuka mkutano wa wazazi wa mwezi uliopita, shuleni kwa mwanangu, mwenyekiti wa wazazi aliposema wanaokubali wainue mikono. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kusema tunakubali nini. Nilichukua hindi lingine, nikaanza kulipukuchua.