Niliiweka akiba dawa ya jicho, jicho likaniwakia moto

Wakuu, mbukwenyi. Mzee wenu wa Hombolo, Dodoma, nimekuja na hasira. Haya nimeyaona kwa jicho, tena lile lile lililopasuliwa.

Nilikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Mizabibu nilikuwa naipogoa kwa kupapasa, mpaka mke wangu akasema iko siku tutavuna vidole.

Nikaenda hospitali mjini, wakaanza na jicho moja. Operesheni haikuuma. Bandeji ilipotoka nikamwona mke wangu vizuri, nikamwambia amezeeka. Akasema na mimi nitafute kioo.

Sasa sikilizeni. Daktari, kijana tu, akanipa kichupa cha matone. Nikamuuliza dawa hii inafanya kazi gani humo ndani ya jicho. Akajibu huku anaita mgonjwa mwingine, "Mzee, wewe tumia tu."

Nikatumia. Jicho likawa safi, nikaacha.

Sisi Wagogo tumelelewa na njaa. Kitu kikibaki kinawekwa. Marehemu mama alikuwa anaficha mtama hata mwaka wa mavuno, tukimuuliza anatuambia tukae kimya. Basi na mimi kichupa nikakiweka, kingoje jicho la pili.

Haukupita muda, jicho likawa jekundu, likauma, ukungu ukarudi. Nikarudi hospitali. Kijana yule yule akanifokea mbele ya foleni nzima, eti wazee hatusikii.

Nesi mmoja mtu mzima akanivuta pembeni.

"Babu, kwenu ng'ombe wakiibiwa inakuwaje?"

Nikamwambia linapigwa yowe, watu wanatoka na marungu.

"Basi jicho likikatwa, kwenye maji yake ya ndani kuna vitu vidogo mno, havionekani, vinapiga yowe. Mwili unakuja na marungu, jicho linavimba. Kisu kimeshaondoka lakini yowe bado, hata kama unaona vizuri. Matone ndiyo yanavinyamazisha. Ukiacha mapema, vinaanza upya."

Wakuu, yowe nimelikimbilia tangu sijaota ndevu! Hilo ningelielewa siku ya kwanza. Ni maneno ya muda wa kumeza mate tu. Kwa nini nilinyimwa? Kwa sababu sikusoma?

Nimerudia matone, jicho limerudi, ila si lote. Hapa naandika nimekuza herufi kama za bango.

Funzo: dawa ya jicho si mbegu, usiiweke akiba. Itumie mpaka waseme basi.

La pili linapasuliwa karibuni. Safari hii hanigusi mtu mpaka aniambie anakwenda kumnyamazisha nani.

Nani mwingine kaambiwa "tumia tu"? Semeni. Na madaktari mliomo humu jibuni, ila kwa Kiswahili. Shule sikufika mbali, lakini jicho ni langu.