CPA wa Nkoma

Pale Nkoma, mtaa wa watu wa mishahara mjini Mbale, ukimtajia mwenye boda boda jina la Andrew Mugweri atakuna kichwa. Mwambie nyumba ya CPA, atakufikisha mlangoni. Herufi hizo tatu ni za mhasibu aliyemaliza mitihani yote ya taaluma, ile inayokuja baada ya shahada na inayotoa jasho kuliko shahada yenyewe. Uganda watu huzitanguliza mbele ya jina kama daktari anavyotanguliza udaktari wake. Andrew aliitwa hivyo kwa miaka mingi. Tatizo lilikuwa moja tu: hakuwa nazo.

Hakuziiba, tumtendee haki. Alipomaliza chuo kikuu alijiandikisha kwa mitihani ya CPA, na baba yake, sajenti mstaafu wa magereza na mtu wa kupenda kutangaza mambo, alisimama kwenye sherehe ya mahafali akasema, "Huyu sasa ni CPA." Watu wakapiga makofi. Andrew angeweza kusema, "Bado, mzee." Alikunywa soda yake. Alijiambia atazipata mwaka uleule, na maneno ya baba yatakuwa kweli kabla hayajaota mizizi. Basi akazifaulu karatasi, moja baada ya nyingine, mpaka akafika ya mwisho, nayo ikamgomea. Akaifanya, akaanguka. Akairudia, akaanguka tena. Wakati huo alikuwa anafundisha uhasibu katika chuo kidogo mjini Jinja, analala huko siku za kazi na kurudi Mbale kila Ijumaa. Baadhi ya wanafunzi wake mwenyewe walikwisha kumpita, wakawa wanamletea kadi za harusi zenye herufi zile mbele ya majina yao. Alizipokea kwa tabasamu, na harusi zenyewe hakwenda.

Nkoma nzima ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumwita CPA. Mkewe, Phanice Nabalayo, mzaliwa wa upande wa Kenya, alimwita Baba Kagoya kwa jina la binti yao, wageni wakiwepo au wasiwepo. Phanice aliujua ukweli. Walisoma chuo kimoja, yeye akiwa nyuma mwaka mmoja, na Andrew ndiye aliyemfundisha kusawazisha mizania. Alipopata shahada naye akataka kujiandikisha, Andrew alimwambia kwa sauti ya upole kwamba nyumba moja haihitaji CPA wawili. Phanice alimtazama kidogo, kisha akaenda kutafuta kazi. Akapata uhasibu katika bohari ya unga na sabuni kule eneo la viwanda. Andrew akashusha pumzi.

Halafu zikaanza simu. Kila Andrew akiwa nyumbani mwisho wa juma, simu ya Phanice hulia, jina linalotokea ni Alfayo, na mwanamke hutoka nayo uani. Siku moja alimsikia akisema, "Hapana, Jumatano. Jumatano yuko Jinja."

Enhe! Mume gani atasikia hayo aendelee kula ndizi zake? Wivu ulimkaba. Akiwa darasani Jinja anaandika uchakavu wa mashine ubaoni, alimwona Alfayo waziwazi: mrefu, meno meupe, shati la kunyooka. Alimpa hata gari. Wanafunzi walinyoosha mikono wakamuuliza maswali, naye akawajibu majibu ya maswali mengine.

Jumatano moja alishindwa. Aliwaachia wanafunzi zoezi, akapanda basi, akashuka Mbale jua likiwa bado lipo. Nyumbani akakuta kufuli. Jirani yao, Mama Nusifa, alikuwa barazani kwake anachambua maharage.

"Eh, CPA! Leo nakuja mapema," akasema. "Muke yako hayuko. Yeye nakwenda na afande Alfayo."

"Wamekwenda wapi?"

"Pale kanisani, kwa chumba ya watoto. Kila Jumatano, kazi ikiisha. Mimi nasema labda ni maombi."

Maombi! Andrew hata hakumuaga. Alikwenda kwa hatua ndefu, ameandaa maneno yake yote, na alipofika kwenye dirisha la chumba cha shule ya Jumapili akachungulia kwanza, maana mtu mwenye wivu hupenda kuona.

Aliona watu wazima watatu wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika vifuani, kila mmoja na kikokotoo chake. Afande Alfayo alijulikana kwa sare yake ya magereza. Alikuwa mzee mwenye upara na kitambi, miwani imefungwa kamba nyuma ya shingo. Mbele yao alisimama Phanice na chaki mkononi.

"Kampuni mama ikinunua kampuni tanzu katikati ya mwaka," alikuwa anasema, "faida iliyopatikana kabla ya kununua si yake. Mtoto uliyemkuta amezaliwa, usiseme umemzaa. Ni hivyo tu."

"Kumbe ni hivyo tu!" akasema afande, akaandika.

Swali hilo Andrew alilifahamu. Ndilo lililomwangusha, na aliporudia likamwangusha tena. Mkewe amelimaliza kwa kumtaja mtoto. Pale dirishani roho ilimuuma kuliko ilivyomuuma njia nzima kutoka Jinja. Angekuta mwanamume, angejua la kufanya. Angepiga kelele, wazee wangekaa kikao, na kosa lingekuwa la Phanice. Sasa amekuta vitabu, na kwa vitabu hakuna kikao. Aliondoka bila kubisha, akamngoja nyumbani.

"Tangu lini?" alimuuliza alipoingia.

Phanice aliweka mkoba chini. Hakuuliza anazungumzia nini. "Tangu ulipoacha kuniuliza siku yangu imekwendaje."

"Umefika wapi?"

"Imebaki karatasi moja."

"Ipi?"

Akamtajia. Ilikuwa ileile iliyomgomea yeye.

"Na kwa nini unifiche mimi, mumeo?"

"Ungefurahi, Baba Kagoya?"

"Ningekusaidia!"

"Basi nisaidie. Mtihani ni mwezi ujao, nawe unarudia, tutaufanya chumba kimoja. Watu wa Jinja wanasema kwa kubashiri maswali hakuna anayekufikia."

Hilo lilikuwa kweli. Wanafunzi wa uhasibu huko wana desturi yao. Mtihani ukikaribia, hutandaza karatasi za miaka iliyopita, wakatazama mada gani imekuja na ipi imelala, kisha wakabashiri itakayoamka. Mwenye kipaji hicho huheshimiwa kuliko anayejua somo lenyewe. Andrew alizitandaza karatasi mezani. Hakuhitaji kipaji. Tangu zilipomwangusha, kampuni tanzu zilikuwa zimelala muda mrefu, safari hii lazima ziamke, hata kipofu angeliona hilo. Akamtazama mkewe aliyekaa na penseli tayari, anamwamini kama siku zile za chuo, na kijicho kikamtangulia ulimi.

"Hizi kampuni tanzu achana nazo," akasema. "Haziji."

"Una hakika?"

"Mwalimu ni nani hapa?"

Phanice akapiga mstari juu ya mada ile.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga hawakukosea. Andrew hakuweza tena kuifungua sura ile, maana mwisho wa juma walisoma meza moja. Akiwa Jinja nako aliwaambia wanafunzi wake vilevile, kwa kuogopa maneno yasije yakafika Mbale yakiwa tofauti. Aliusema uongo huo mara nyingi na kwa sauti ya mwalimu, hata akaanza kuutolea sababu. Wiki ya mtihani ilipofika, yeye mwenyewe alikuwa ameuamini. Kitabu chake kilibaki safi kabisa kwenye kurasa zile.

Swali la kwanza, la lazima: kampuni mama, kampuni tanzu mbili, moja imenunuliwa katikati ya mwaka. Andrew alilisoma mara mbili. Aliinua kichwa akamtafuta mkewe. Phanice alikuwa safu za mbele, ameinama, anaandika bila kusita. Jambo ulilomweleza afande Alfayo Jumatano baada ya Jumatano mpaka akaelewa, halikutoki kwa mstari wa penseli.

Nje ya ukumbi alimngoja mumewe kivulini.

"Zilikuja," akasema.

"Naam, zilikuja."

"Hata mwalimu hukosea," akasema Phanice, akamtazama mpaka Andrew akageukia barabarani kutafuta boda boda. Tangu siku hiyo alitamani kujua kama mkewe amejua, na hakuthubutu kuuliza.

Matokeo yalitoka. Phanice amefaulu. Andrew ameanguka kwa mara nyingine, na safari hii si kwa umbali mdogo. Alisema "Hongera" vizuri kabisa, kisha akaenda kuosha baiskeli ya mtoto ambayo haikuwa chafu. Alimwonea wivu mkewe kwa kufaulu, kwa kutoringa, hata kwa usingizi wake mzito.

Jumapili kanisani habari zilikuwa zimefika, lakini zimepita vinywa vingi, zikapinda njiani. Mchungaji alisimama akachekelea. "Ndugu zangu, nimesikia nyumba ya Mugweri imefaulu mtihani mkubwa wa hesabu! Wengine tulidhani CPA wetu alimaliza zamani, kumbe msomi hamalizi! Bwana Mugweri, njoo utoe ushuhuda."

Vigelegele vikapigwa. Andrew alisimama. Phanice alikuwa kando yake, na kidole kimoja tu kingetosha: huyu hapa, si mimi. Aliona watu wote wamemgeukia kwa furaha, na marehemu baba yake akamjia akilini. Miguu ikampeleka mbele. Akakabidhiwa kipaza sauti.

"Safari ilikuwa ndefu," akasema. "Mungu ameitendea nyumba yangu."

Baadaye alijitetea moyoni kwamba hakutaja "mimi" hata mara moja. Lakini alipokuwa pale mbele, makofi yakipigwa, alisikia utamu, na alitaka yasiishe. Afande Alfayo alikuwa benchi la nyuma anatazama viatu vyake. Phanice alipiga makofi pamoja na watu, polepole, mpaka mwisho.

Njiani kurudi Phanice alizungumza na kila waliyekutana naye. Mama Nusifa alipomwambia, "Mama Kagoya, wewe nabahatika kwa bwana," alimjibu, "Asante, mama." Andrew alitembea kando yake akiwa na majibu tayari. Alitaka ugomvi. Alitaka aitwe mwizi, ili naye apate kusema yale ya kampuni tanzu yote yaishe, waanze upya. Alijua akiulizwa tu, atasema. Phanice hakuuliza.

Nyumbani alivua viatu vya kanisani, akaingia jikoni. Alipika malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga, chakula anachokipenda Andrew, na harufu ikajaa nyumba. Andrew aliketi sebuleni anasikia sufuria zikifunikwa na kufunuliwa, akaanza kupata matumaini. Mke aliyekasirika hapiki malewa, alijiambia. Nitamwambia tukishakula.

Phanice alitandika meza, akaleta maji ya kunawa na taulo safi begani. Akasimama mbele ya mumewe, akamtazama bila hasira, kama anavyomtazama mteja wa bohari.

"CPA," akasema, "chakula tayari."