Nyanjige na Swali Lililowakimbiza Wafugaji wa Sapiwi

Saa moja asubuhi, josho la Sapiwi, mkoani Simiyu, limeshachangamka. Vumbi limepanda, ng'ombe wanasukumana kuelekea kwenye dawa, na wenyewe wanaitana kwa Kisukuma kutoka kila upande. Pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi mwanamke wa miaka thelathini na moja, mtandio kichwani, kaunta buku mapajani. Amemkabidhi mama mmoja simu, na tangu hapo hasemi neno.

Mama huyo, Kabula, anabonyeza, anasita, anarudi nyuma. Anainua uso kuomba msaada. Nyanjige Salu anatabasamu tu. Asiyemjua angesema ana roho ngumu.

"Nikimsaidia nimeharibu," ananong'ona. "Akikwama, mwenye kosa ni mimi, si yeye. Nataka nione amekwamia wapi."

Kabula anabonyeza tena na kujikuta amerudi alikoanzia. Anacheka kwa aibu. Nyanjige hacheki, anaandika kwenye kaunta buku: "Kitufe cha kurudi kiko karibu mno na cha kuendelea." Kesho kutwa kitufe hicho kitakuwa kimehamishwa, na Kabula hatajua kwamba yeye ndiye aliyekihamisha.

Hiyo ndiyo kazi inayomlisha Nyanjige. Yeye ndiye anayepanga namna programu ya simu itakavyozungumza na mtu: swali lipi litangulie, kitufe kikae wapi, neno gani litumike, ili mtu amalize alilokuja kulifanya bila kutokwa jasho. Wenye taaluma yao wanaiita UX. Kwao Migato, wilayani Itilima, wanaiita kazi ya simu, basi, na kila akienda kusalimia anapokelewa na simu za vioo vilivyopasuka.

"Shangazi aliniletea simu iliyodumbukia kwenye ndoo ya maziwa," anasimulia akicheka. "Nikamwambia, shangazi, mimi sitengenezi simu. Akaniuliza, sasa hao wanakulipa kwa lipi?"

Swali la shangazi halikuwa la kijinga. Nyanjige mwenyewe alifanya kazi hii miaka mitatu bila kujua kwamba ni kazi.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2012 na matokeo ya kawaida, akajifunza uhazili kidogo, kisha akapata kibarua kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi ya Bariadi. Mwenye duka ni Harieth, mama wa Kihaya aliyekuja Simiyu akimfuata mumewe, mwalimu, na hakuondoka tena. Mshahara ulikuwa shilingi elfu tisini kwa mwezi. Kazi ilikuwa kuchapa, kutoa nakala na kuwajazia watu fomu za mtandaoni.

Ni kwenye fomu ndipo jicho lake lilipofunguka. Mwalimu, mkulima wa pamba, nesi, wote walikwama palepale. Mwaka 2018 akaanza kuandika kwenye kaunta buku: fomu gani, ukurasa gani, mtu alisema nini alipokwama.

"Nilimkuta anaandika 'mzee ameguna hapa'," anakumbuka Harieth, akipanga karatasi zake. "Nikamuuliza, wewe binti, umekuwa daktari? Nilidhani ni mtu wa kuotaota. Kumbe mwenzangu alikuwa anasoma chuo mbele ya macho yangu, na ada yake ni bando la simu!"

Kilichomchoma zaidi ni kisa cha Yusta, msichana wa Nyalikungu, Maswa, aliyejaza mwenyewe maombi ya chuo kwa simu ya kaka yake. Alipofika mwisho alibonyeza kitufe kikubwa cha kijani kilichosema "Hifadhi". Kile cha kutuma kilikuwa kidogo, cha kijivu, chini kabisa. Yusta alikaa miezi miwili akisubiri jibu la maombi ambayo hayakuwahi kutoka kwenye simu.

"Alikuja dukani nimwangalizie," anasema Nyanjige, na sauti inamshuka. "Mimi ndiye niliyemwambia kwamba hayajatumwa. Alilia, nami nikalia. Watu wakasema hakuwa makini. Nilikasirika kweli! Mtoto alisoma kila kitu. Aliyechora ile fomu ndiye hakuwa makini."

Siku hiyo alipofunga duka alichukua penseli na rula, akaichora upya ile fomu ukurasa kwa ukurasa. Akapiga picha michoro yake, akaiweka mtandaoni pamoja na maelezo ya mahali watu wanapokwama na sababu yake. Kwa wiki mbili hakuna aliyejishughulisha nayo. Wiki ya tatu simu yake ikaita.

Aliyepiga alikuwa Laurean, kiongozi wa kampuni changa ya kutengeneza programu iliyoko Dodoma. Alitaka kujua nani alimfundisha.

"Nikamwambia kaunta," anasema Nyanjige. "Akasema, hiyo shule siijui, lakini nataka mwanafunzi wake."

Hivyo mwaka 2021 akafunga mzigo na kwenda Dodoma. Mwanzo alikuwa msaidizi wa mkataba, mtu wa kujaribu kazi za wengine. Kiingereza cha mafunzo kilimtoa jasho. Alisoma kamusi pembeni. Baada ya miaka miwili alikuwa anachora mwenyewe, na kampuni ilipopata kazi ya mfumo wa kuandikisha mifugo kwa ajili ya chanjo, Laurean hakuwaza mara mbili. Majaribio yangefanyika Sapiwi. Nani angewajua wafugaji wa Simiyu kumshinda binti wa mfugaji wa Simiyu?

Na hapo ndipo alipoteleza.

Mfumo ulikuwa rahisi: mfugaji anajiandikisha kwa simu yake au ya jirani, ofisi inajua chanjo kiasi gani ipelekwe, siku inapangwa. Nyanjige alichora kurasa sita safi. Ukurasa wa kwanza, kwa maandishi makubwa, uliuliza: "Una ng'ombe wangapi?"

Yeyote aliyekulia kwenye boma la Kisukuma ameshashtuka. Mifugo ya mtu haitajwi idadi hadharani. Wapo wanaoogopa kijicho, wapo wanaoogopa wezi, wapo wanaosema ukiwahesabu watapungua, na wapo wasio na sababu yoyote ila kwamba babu zao hawakufanya hivyo. Kumuuliza mtu mbele ya jirani yake ana ng'ombe wangapi ni kumpekua mfukoni.

"Nilizaliwa kwenye boma," anasema Nyanjige, akijipiga kofi la paja. "Mpaka leo sijawahi kumuuliza baba swali hilo. Nisingethubutu! Halafu nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka Dodoma, kiyoyozi kinanipuliza, nikawaandikia wazee wa watu swali lilelile. Nilikuwa nimejisahau."

Kati ya kaya mia mbili na kumi na mbili, zilizojaza hadi mwisho zilikuwa sitini na moja. Wengine walifunga simu kwenye swali la kwanza. Na waliojaza nao walijitia ufukara: mmoja aliandika ng'ombe watatu, mwingine wanne, mwingine, ambaye mifugo yake ikivuka barabara magari husimama, aliandika kumi. Kwa hesabu hiyo zikapelekwa chupa nane za chanjo ya homa ya mapafu, kila moja ya kutosha ng'ombe hamsini.

Siku ya kuchanja, chanjo iliisha kabla ya saa nne asubuhi. Nyuma ya ng'ombe wa mwisho aliyechanjwa kulikuwa na msururu mrefu usioonekana mwisho wake. Watu waliotembea tangu alfajiri walirudi na mifugo yao vilevile. Afisa mifugo, Joakim, alitupiwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Wafadhili wa mradi wakaandika barua fupi: wafugaji hawaelewi teknolojia, majaribio yafungwe. Laurean aliomba wiki tatu. Alizipata, lakini kwa sharti: zikiisha bila matokeo, mradi unakufa, na mkataba wa Nyanjige unakufa nao.

"Unga ulikuwa unamwagika nikiuona," anasema. "Lakini kilichoniuma zaidi ni ile sentensi, kwamba hawaelewi. Ningeondoka, ingebaki imeandikwa hivyo. Baba yangu, asiyeelewa. Mama yangu, asiyeelewa. Kwa kosa la mkono wangu!"

Akafunga kibwebwe. Alipanda basi hadi Bariadi, akachukua boda hadi Sapiwi, akaomba ndoo ya kukalia. Siku nne aliketi joshoni bila kumuuliza mtu idadi ya kitu chochote. Aliwasikiliza tu.

Siku ya nne, mzee Mwandu, mfugaji anayeheshimika hapo, alimsogelea, akamwamkia kwa Kisukuma kama binti yake.

"Mwangaluka, ng'wanone."

"Mwangaluka, baba."

"Wewe si ndiye yule wa simu? Uliniuliza mambo ya boma langu mbele ya watu. Mkwe wangu ndiye alikuwa anasoma. Na watoto wanasikia."

Nyanjige akaomba radhi. Mzee akaipokea, kisha akaendelea na lililomleta: alikuwa anamtuma mtu Bariadi kununua dawa ya minyoo. "Mwambie anipe chupa mbili na nusu," alimwagiza mwenye pikipiki. "Akikosa nusu, atoe tatu."

Nyanjige anasema moyo ulimpiga mpaka akasimama. Mzee alikuwa ametaja mifugo yake yote kwa sauti kubwa, mbele ya watu, na hakuna aliyegeuza shingo. Aliitaja kwa chupa.

"Baba," alimuuliza kwa uangalifu, "kama ingekuwa ni chanjo, zingekutosha chupa ngapi?"

Mzee akajibu papo hapo, bila hata kupepesa jicho. "Tatu. Ndivyo ungeniuliza tangu mwanzo. Dawa mtu anaitaja. Ng'ombe ni wangu."

Jioni hiyohiyo ukurasa wa kwanza ulifutwa. Badala ya swali pakawekwa picha ya chupa, na chini yake maneno machache: nusu chupa inatosha boma dogo, gusa mpaka zikutoshe. Ukigusa upande mmoja unapata nusu. Hakuna namba ya ng'ombe popote.

Laurean aling'aka kwenye simu. Wafadhili wanataka idadi, alisema, chupa si idadi. Nyanjige akamjibu kwamba idadi watahesabu wao wenyewe siku ya chanjo, ng'ombe wakipita mmoja mmoja kwenye uchochoro wa mbao, na hapo hakuna atakayekuwa ameitamka.

"Nilimwambia, bosi, niamini mara hii moja," anasimulia. "Akasema, nikikuamini na ikashindikana, tutarudi wote kwa Harieth kutoa nakala."

Haikushindikana. Ndani ya siku tisa, kaya mia moja tisini na sita zilikuwa zimejiandikisha hadi mwisho. Ziliomba jumla ya chupa mia moja arobaini na mbili. Kule Dodoma mtu mmoja alipiga simu kuuliza kama mfumo umeharibika.

Uchanjaji ulichukua siku tano. Siku ya tano jioni, ng'ombe wa mwisho alipotoka, Joakim alifungua boksi la barafu na kuinua mkono. Alikuwa ameshika chupa moja, iliyobaki. Moja tu.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne," anasema Joakim. "Sijawahi kuona makisio ya namna hiyo. Nilitaka kuiweka ile chupa ukutani kama picha, ila dawa ni dawa, tukaipeleka kijiji cha pili."

Nyanjige alilia siku hiyo, mbele ya watu, na haoni aibu kusema. Mzee Mwandu alimwambia "wabeja", yaani asante, akaongeza kwamba mtoto wa mfugaji hata akipotea huwa anajua njia ya kurudi bomani.

Leo Nyanjige anaongoza timu ya watu wanne na analipwa shilingi milioni moja na laki nne kwa mwezi. Kampuni ilipomtaka abaki Dodoma, alikataa kwa adabu. Ofisi yake ni chumba cha nyuma cha duka la Harieth, pale pale stendi, na mwenye duka hachoki kuwaambia wateja kwamba huyo wa nyuma ni wake.

Kila mbunifu anayeajiriwa huanza na wiki mbili za kusimama kaunta na kuwajazia watu fomu. Georgina, msichana aliyetoka chuo kikuu na cheti kizuri, anakiri kwamba siku ya kwanza aliona kama ameonewa. Siku ya tatu aliomba kaunta buku.

Na Yusta? Aliomba tena mwaka uliofuata, safari hii mbele ya Nyanjige aliyekuwa amekuja kusalimia, akapata. Sasa ni nesi. Chuo chenyewe nacho kilibadilisha fomu. Kitufe cha kutuma ndicho kikubwa.

Mpango wa sasa ni kuufikisha mfumo wa chupa Maswa na Itilima yote kabla ya msimu ujao wa chanjo, na kufungua darasa la jioni kwa wasichana waliomaliza kidato cha nne bila kujua pa kwenda. Wanane wameshajiandikisha. "Simu wanazo, macho wanayo," anasema. "Nataka tu wajue kwamba kuona mtu anapokwama ni kazi, tena inalipa."

Itilima ameshaianza, na alianzia Migato. Mwezi uliopita alikwenda nyumbani, akaketi kwenye kigoda karibu na zizi, akampa baba yake simu. Hakusema neno, kama anavyofanya kwa kila mtu. Mzee Salu alivaa miwani, akaitazama ile picha ya chupa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akageuka, akaifunika simu kwa kiganja ili binti yake asione, akaanza kugusa.

"Aligusa kwa muda mrefu," anasema Nyanjige, na machozi yanamlenga huku anacheka. "Nikageuza uso, nikahesabu mawingu. Chupa alizogusa zililetwa wiki iliyofuata, na mpaka leo sijui baba yangu ana ng'ombe wangapi. Ninachojua ni kwamba wote wamechanjwa."