Stendi ya Baba na Sura ya Hamisi

Sisi tuliokulia Newala miaka ile ya kuoga kwa kopo moja tunajuana hata bila kutambulishana. Ukimwona mtu mzima anaruka kwenda kufunga bomba linalodondoka, huyo ni mwenzetu. Maji yalipanda kutoka bondeni kwa ndoo za kichwani, au tuliyakinga kwenye bati mvua ikinyesha, na mama zetu waliyagawa kwa kipimo kama dawa. Lakini utoto tuliufaidi. Tulicheza rede mpaka miguu ikafanana na barabara, tukala mizizi ya ming'oko ya kuchemsha kwa chumvi, na msimu wa mabibo ya mikorosho ulipofika hakuna gauni lililobaki bila doa. Watoto wa siku hizi wana nguo za kutokea, za kushindia na za kulalia. Sisi tulikuwa na nguo.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kitu ambacho majirani hawakuwa nacho: stendi ya kuchorea picha. Baba alikuwa fundi wa kuandika mabango ya mabucha, vinyozi na mashine za kusaga, na akipata nafasi alichora watu. Stendi aliirithi kwa babu, aliyewahi kuwa mpishi wa mmisionari mmoja huko Masasi. Bibi yule wa Kizungu alikuwa akichora milima ya mawe kila jioni, na siku ya kurudi kwao akamwachia babu sufuria zake pamoja na stendi. Ilikuwa kuukuu hata wakati huo. Ilikuwa na miguu mitatu ya mbao nyekundu iliyong'aa kwa kushikwashikwa, skrubu za shaba, na kibao cha kupandisha na kushusha picha. Maseremala walikuja kuitazama wakabishana ni mbao ya mti gani, wakaondoka hawajakubaliana. Shangazi alipenda kuianikia khanga zake, na hapo tu ndipo nilipomsikia baba akigomba, maana kwa kawaida alikuwa mpole kupita kiasi.

Jirani yetu, Mama Salima, alifiwa na mumewe wakati binti yao Salima akiwa bado anatambaa. Mumewe aliitwa Hamisi. Alikuwa mkulima wa korosho, mcheshi, na alikuwa na picha moja tu maishani mwake, ambayo mchwa waliila sandukuni pamoja na nguo. Arobaini ilipopita, Mama Salima alikuja kwa baba, akakaa kwenye mkeka, akaanza kulia kabla hajasema shida yake.

"Baba Asha, mtoto huyu akikua ataniuliza baba yake alikuwaje. Nitamwonyesha nini?"

Baba hakumkatalia, ingawa alimjua Hamisi kwa kusalimiana njiani tu. Akachukua kipande cha plaiwudi, akakiweka kwenye stendi, akaanza kuwaita waliomfahamu marehemu. Ilikuwa vurugu. Kaka wa marehemu alisema paji la uso lilikuwa pana, rafiki yake akasema hapana, ni nywele zilizokuwa zimerudi nyuma. Wajomba walibishania pua mpaka uji ukapoa. Mama Salima alipoitwa kutazama, alisema kwa adabu, "Ni mtu mzuri, lakini si yeye." Baba akafuta, akachora upya. Na safari ile pia hakuwa yeye. Nilianza kumwonea huruma Mama Salima kwa namna alivyokuwa anaondoka, anatembea polepole kama anayetoka mazishini kwa mara ya pili.

Ilikuwa Julai, mikorosho inapopulizwa dawa ya salfa. Nyinyi wenzangu mnaujua msimu ule: alfajiri, umande ukiwa bado majanini, mashine zinanguruma mashambani na vumbi la njano linaingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Mama alikuwa hataki harufu ya rangi ya mafuta ndani ya nyumba, akisema itatuua kabla ya njaa, kwa hiyo baba aliiacha stendi barazani, na picha ya tatu ikiwa bado mbichi. Mchoraji mwenye akili timamu hafanyi hivyo Newala mwezi wa saba. Kulipokucha, Hamisi wa kwenye plaiwudi alikuwa wa njano kuanzia nyweleni hadi mabegani.

Baba alishika kitambaa cha kufutia, amevimba kwa hasira. Mama Salima alikuwa anapita na ndoo yake akielekea kisimani. Akasimama. Akaitua ndoo.

"Usimguse, Baba Asha. Huyo ndiye."

Tulidhani msiba umemzidi. Lakini alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. "Hivi hivi ndivyo alivyokuwa anarudi shambani. Nyusi za njano, kope za njano. Nikimwambia nenda kaoge, ananiuliza kwa maji yapi."

Baba akaipaka picha vanishi juu ya ile salfa, ikakauka hivyo hivyo. Tukaipeleka kwa Mama Salima, na ikaonekana kwamba nyumba yake ya udongo haishiki msumari. Kila ukigongewa, ukuta unamwagika. Baba akarudi nyumbani akaja na stendi. Toka siku ile alichorea watu kwenye mgongo wa kiti, na sikumsikia akilalamika.

Sasa ninaishi Mkomaindo, Masasi, na harusi za huku hazikamiliki bila stendi. Ni za chuma, za rangi ya dhahabu, za kukodi, na zinabeba picha ya maharusi ukubwa wa mlango. Kesho yake hakuna anayejua ile picha imeishia wapi. Vijana wetu wana picha nyingi kuliko siku walizoishi, na simu ikiangukia chooni ukoo mzima umepotea. Sina ugomvi nao. Nawapenda hivyo walivyo, na wakinipiga picha natabasamu. Ila natamani kila mmoja wao angekuwa na picha moja iliyohangaikiwa.

Salima alipojifungua mtoto wake wa kwanza wa kiume, nilikuwapo. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wanabishana juu ya jina. Salima alimbeba kichanga mpaka mbele ya stendi, akaitazama picha, akamtazama mtoto, akasema taratibu, "Huyu namjua."

Hamisi mdogo sasa ni kijana wa bodaboda, mwenye simu iliyojaa picha zake mwenyewe. Lakini kila asubuhi kabla hajatoka, anasimama mbele ya stendi na kusema, "Shikamoo, babu." Na Mama Salima, ambaye sasa ni bibi kizee, humwitikia kutoka mkekani kwa niaba ya mumewe: "Marahaba."