Mkanda wa Bi Masikio

Jina la Bi Masikio hakujipa mwenyewe, lilimfuata kazini. Kwa miaka ishirini na miwili alipiga picha za pasipoti katika chumba kilicho nyuma ya duka la madaftari: stuli moja, shuka jeupe ukutani, taa mbili, na maneno yale yale kwa kila anayeketi. "Tazama mbele. Funga mdomo. Masikio nje." Mtaa mzima ulikuwa umepita mbele yake, na mtaa mzima ulitoka na sura za watu wanaotafutwa na polisi.

Alipotimiza miaka hamsini aliamua kuwa msanii.

"Nataka kupiga picha za mitindo," alimwambia mumewe mezani. "Na nitapiga kwa mkanda, kama zamani."

Mumewe, msoma mita za maji, mtu asiye na makuu, alitafuna kwanza. "Kwani mkanda bado upo duniani?"

Ulikuwepo. Mzee mmoja, fundi wa kusafisha picha aliyebaki peke yake mjini na dawa zake na chumba chake cha giza, alimuuzia kamera nzito kama pasi, pamoja na mkanda wa picha thelathini na sita.

Nguo alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani ambaye ulimi wake ulikata kuliko mkasi. Wifi alitoa magauni sita ya wateja wake, akajitolea kuyavaa mwenyewe, maana, alisema, nani ajuaye nguo inavyotaka kusimama kama si aliyeishona?

Jumapili wakapanda juu ya paa la ghorofa, penye kamba za kuanikia. Wifi akashika kiuno, akageuza shingo. Kamera ikilia tu, mbio kuja kuchungulia.

"Nionyeshe."

"Hakuna cha kuonyesha, wifi. Mpaka mkanda usafishwe."

"Yaani napendeza halafu sijui?"

"Utajua Alhamisi."

Picha ya thelathini na sita ikapita. Ikapita ya arobaini, na ya arobaini na nne. "Vitu vya zamani vina baraka," alisema Bi Masikio, na wifi akakubali kwamba watu wa zamani hawakuwa na uchoyo.

Alhamisi yule mzee aliuinua mkanda dirishani. Ulikuwa mtupu, unaona hadi ng'ambo.

"Mkanda haukushika kwenye meno ya kamera tangu mwanzo, mama," alisema kwa upole wa daktari. "Ulikuwa unapiga hewa. Ndiyo maana haukuisha."

Wifi alipopata habari alikuwa ameshawatangazia wateja wote. "Saa nne nzima nimebana tumbo!" alilia. "Saa nne!" Kwa majuma mawili akawa anazungumza naye kupitia kwa kaka yake tu: mwambie mkeo hivi, mwambie mkeo vile. Na magauni yenyewe yalikuwa yamekwenda kwa wenyewe, waliochoka kusubiri.

Bi Masikio akanunua mkanda wa pili, akayafuata magauni huko yaliko. La zambarau lilikuwa sokoni, mwenyewe amekunja mikono ya gauni akipanga vitunguu. La kijani lilikuwa kwenye kituo cha basi na muuguzi aliyetoka zamu, koti jeupe mkononi. La buluu alilikuta darasani. Mwalimu wa hesabu alisimama wima mbele ya ubao, akafunga mdomo, akauliza, "Masikio nje?"

"Leo hapana, mwalimu. Wewe fundisha tu."

Safari hii alihakikisha mkanda umeshika. Ulipogoma kwenye thelathini na sita, alifurahi kama aliyepewa zawadi.

Picha tisa zilitoka na ukungu. Nyingine aliziombea nafasi kwa wifi, akazibana kwa pini kwenye kamba katika duka lake la ushonaji. Wifi akaitazama ya vitunguu kwa muda mrefu.

"Gauni hili sikulishonea sokoni," alisema. Kisha, kwa shida, "Lakini limekaa."

Wateja wakaja. Bi Masikio akajibanza pembeni, akingoja mtu aseme neno juu ya mwanga. "Kitambaa hiki bado kipo?" waliuliza. "Shingo hii inanifaa?" Bibi mmoja alisimama mbele ya picha ya sokoni mpaka Bi Masikio akasogea hatua moja.

"Vitunguu vikubwa hivi," bibi akasema hatimaye, "vinauzwa upande gani?"

Wiki hiyo wifi alipokea kazi za mwezi mzima, akaanza kumwita Bi Masikio "mpiga picha wangu".

Jumamosi mume wa Bi Masikio alipitia dukani akitoka kazini, viatu vimelowa. Akasimama mbele ya picha ya mwalimu, mikono nyuma.

"Huu mwanga wa dirisha," alisema, "umetua begani kwake kama mkono wa mtu."

Bi Masikio akamwomba arudie. Akarudia. Jumatatu mke wake alikuwa kwa yule mzee, akiulizia mkanda wa tatu.