Hita Iliyokoroma

Kwamba fleti yetu ya Landani ilikuwa na jini, hilo nililisikia tu. Kwamba hita, kile chuma cha ukutani kinachopitisha maji ya moto kupasha chumba joto, iligonga na kukoroma, hilo nililishuhudia. Leo nimetoa hewa katika hita yangu, na harufu ya maji yake, kama chuma kilicholowa, imenirudisha utotoni.

Shangazi alikuwa amekwisha kufunga mizigo, akifukiza ubani na kumsihi mama tuhame.

“Jini gani, wifi, anayengoja tuwashe hita ndipo agonge?” mama alimuuliza.

Alikinga bakuli, akalegeza skrubu kwa ufunguo mdogo. Hewa iliyokwama ndani ilifoka, yakafuata maji meusi, akakaza. Hita ikanyamaza. Nilimtazama kwa fahari isiyopungua hadi leo.

“Jini wako huyo, keshatoka.”

Jini alikoelekea sikujui. Nilichokiona ni shangazi akifungua mizigo, akaanika kanga zake juu ya hita.